Alichobakisha Mbuzi

Misfa, nyumba ya tatu kutoka mfereji wa falaji.
Nimekaa kizingitini. Majani ya mtende yamelowa tangu jana,
nayachana kwa ukucha wa gumba
kama nilivyofundishwa Wete, kwa miyaa ya mkindu.
Mtende ni binamu wa mkindu, lakini binamu wa jabalini:
mgumu, mchache wa maneno,
hukudunga kwanza ndipo akusalimie.
Jirani yangu, Asila bint Muhanna, huita safifa.
Mimi naita ukili.
Vidole havikungoja tukubaliane.

Rangi ya kopo siitaki.
Ile ya dukani Nizwa niliwahi kuijaribu,
ikanuka kama gereji,
na maji yake nikakosa pa kuyamwaga.
Hapa kila kitu hushuka bustanini;
uchafu wako wa asubuhi
ni chai ya mwenzio jioni.

Basi nikaanza kuokota.
Maganda ya komamanga, gunia zima,
mabaki ya harusi ya kina Nabhan:
yakachemka na shabu, yakatoa manjano.
Fuwa kutoka Ibri, mizizi myembamba
kama mishipa ya sikio la mbuzi:
hiyo nyekundu.
Misumari ya mlango uliooza
niliilaza wiki mbili katika siki ya tende,
na kutu yake, ikikutana na komamanga,
manjano hufumba macho yakawa meusi,
weusi wa jabali lililopigwa na mvua.
Nilionja kwa ncha ya ulimi.
Usionje.

Buluu sikuipata.
"Baba yangu alizikwa na kucha za buluu," Asila alisema.
Alikuwa mtia nili.
Shamba lake lilikuwa pale chini,
pale magari ya watalii yanapogeuzia.
Alinionesha gae la mtungi wake:
ndani, doa kama jicho linalokumbuka.
Nililikwangua kidogo, kwa ruhusa. Halikutoka kitu.
Nikasema mfereji nitauacha wazi, ukili mtupu,
maana maji ya falaji, ukiyatazama kwa haki,
hayana buluu hata chembe.
Nilijifariji hivyo.
Saa nne asubuhi huwa nayo.

Siku arobaini nikisuka, nane nikishona:
matuta ya bustani, milango, mfereji, jabali nyuma yake,
mkeka wa kutazamwa, si wa kukaliwa.
Nikauegemeza ukutani upate upepo,
nikaingia kusali adhuhuri.

Nilisoma sura fupi, Mungu anajua.
Kutoka, namkuta mbuzi wa Khalfan, yule wa pembe moja,
amesimama kwa adabu ya mgeni aliyekwisha shiba.
Bustani amezila zote.
Milango ameila, na vizingiti vyake.
Mfereji nao,
amekunywa maji ambayo sikuyatia rangi.
Umebaki ukanda mmoja, wa kutu na komamanga.
Uchungu umemshinda.

Nilipiga ukelele, Asila akaja mbio na mwiko mkononi.
Akatazama mkeka, akamtazama mbuzi,
akacheka mpaka akashika ukuta.
Nilinuna kadiri nilivyoweza, si sana.
Maana ni mimi niliyejigamba kwa kila aliyepita
kwamba kazi yangu haina sumu,
kwamba hata ukiila hutadhurika.
Sasa ninaye shahidi, tena ana ndevu.

Jabali nimelitundika sebuleni.
Kingo zimetafunwa, juu hakuna kitu, chini hakuna kitu.
Wageni husimama mbele yake, wakainamisha kichwa,
wakauliza nilikusudia nini.
Asila hunijibia kutoka jikoni:
"Mwenzake hakumaliza sahani!"

Majani mengine yamelowa.
Kuna mtu Bahla anasemekana ana mbegu za nili,
kiganja kimoja, ndani ya kopo la maziwa.
Alhamisi nitakwenda.
Na Khalfan nimemwambia
afunge mlango wa zizi.